Michungwa iliyozaa malimau

Mwaka 2016, masika yalipoanza, nilipanda miche 40 ya michungwa kwenye pengo la shamba aliloniachia baba, hapa Muheza, mkoani Tanga. Mwaka 2020 ikaanza kuzaa. Miti 18 kati ya hiyo ilizaa malimau. Sisemi machungwa machachu. Nasema malimau, yenye ngozi nene ya matuta, mbegu tele na maji kidogo. Nilimenya moja nikaonja, kisha nikaenda mti wa pili nikamenya jingine, maana moyo ulikuwa bado unakataa kile ambacho macho yalikwisha kukiona.

Miaka minne ya palizi. Ndoo za maji kichwani kila kiangazi cha Januari na Februari, samadi ya kubebwa kwa toroli kutoka zizi la watu. Nilikaa chini nikalia.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa akisaidiana na baba enzi za uhai wake, alikuwa anapita na jembe begani. Nikamwamkia, nikamwonyesha tunda. Hakulitazama. Alichuma jani, akalifikicha kiganjani, akaniletea puani.

"Nusa."

Nikanusa. Limau tupu.

"Basi, mwanangu. Mche huu ulibebeshwa. Chungwa lilibebwa juu ya mlimau. Aliyebebwa alikufa, wewe ukamlea mbebaji."

Akachutama, akafuta udongo na nyasi kwenye shina kwa kiganja. Kiasi cha shibiri moja kutoka ardhini palikuwa na kovu, kama goti lililopinda kidogo. Juu ya kovu kulikuwa na kisiki kidogo kikavu, chembamba kama kidole. Mti wote niliokuwa nikiutazama kwa fahari ulikuwa umechipua chini ya kovu lile. Akanionyesha na vichipukizi vipya vya mlimau: ncha zake zina wekundu unaokaribia zambarau, na vitumba vya maua yake nje vina rangi hiyohiyo. Ua la mchungwa ni jeupe pe. Miiba nayo ilikuwa mingi kuliko kawaida, nami niliiona siku zote nikidhani ni nguvu za mti mchanga.

Nikamuuliza, "Babu, njia yako ni hii kila siku. Mbona hukuniambia?"

Aliumia, nililiona usoni mwake. "Nilidhani umeyataka malimau. Siku hizi yana soko. Nawe hukuniuliza, na shamba la mtu haliingiliwi."

Sikuwa na la kumjibu. Kwa miaka minne, maarifa ambayo yangeniokoa yalipita hatua kumi kutoka kwenye miti yangu kila asubuhi, yana jembe begani, yananijulia hali, nami nayaitikia.

Tangu siku ile nimefikiri sana jinsi sisi wakulima wadogo wa matunda tunavyozipata habari za mazao yetu. Nimehudhuria mikutano, nimeulizwa maswali na vijana wa vyuo wenye madodoso, na karibu kila mara swali ni lilelile: unapata taarifa kutoka wapi? Nikiwajibu, nataja redio, majirani, bwana shamba, duka la pembejeo, simu. Wanaweka vema kwenye visanduku, wanashukuru, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza taarifa hizo zilinifikiaje, nilizielewaje, na zilinigharimu nini. Ndiyo maana naandika.

Nianze na baba. Baba alikuwa na ekari mbili na ushee, michungwa mingi ikiwa ile tunayoiita Msasa, ile inayotangulia kuiva. Aliijua miti yake mmojammoja kama mchungaji anavyojua mbuzi. Ule huzaa mwaka huu ukapumzika mwaka ujao. Ule una maji matamu lakini ngozi nyembamba, haufai kusafirishwa. Ujuzi wa kupogolea aliwafundisha kaka zangu. Mimi nilifundishwa kuokota, kuhesabu na kupanga kwenye tenga. Kaka zangu wakaenda Tanga mjini na Dar es Salaam, na baba alipofariki shamba likaja kwangu bila maneno yake. Alikuwa na daftari, maana alipenda kusema mali bila daftari huisha bila habari. Nimelisoma lote. Limejaa madeni ya wachuuzi na idadi ya matenga. Juu ya miti hakuna hata mstari mmoja, kwa kuwa miti aliibeba kichwani.

Kwa hiyo nilianza na masikio matupu, na mtu mwenye masikio matupu humsikiliza wa kwanza kusema. Wa kwanza kusema kwangu alikuwa dalali. Aliniambia Msasa inaangusha bei kwa sababu wilaya nzima inavuna wakati mmoja; panda Valencia, inachelewa, utauza wakati wenzako wamemaliza. Ilikuwa kweli, na hadi leo ni kweli. Kisha akapita muuza miche na pikipiki, nyuma kafunga kreti za viriba, akasema anayo Valencia. Nikalipa. Dalali alinipa habari ya kweli kuhusu soko, muuza miche akanipa neno moja tu, nami nikaunganisha viwili hivyo nikaona nina elimu ya kutosha. Yule kijana hakurudi tena upande wetu.

Leo nikienda kitaluni naanza na kovu. Natafuta palipobebeshwa, nahakikisha pako juu ya udongo kwa shibiri au zaidi, kwamba jani lote liko juu ya kovu na chini yake hakuna kilichochipua. Nauliza macho, yaani vichipukizi vichanga vya kubebesha, yamechumwa kwenye mti gani, na naomba kuuona huo mti mama. Mwenye kitalu anayejiheshimu hakasiriki. Nikishapanda, kila ninapopalilia nakata chipukizi lolote la chini ya kovu lingali laini, na matandazo siyaegemezi kwenye shina, kwa kuwa unyevu unaokaa shinani huozesha gome. Haya yote yangeweza kusemwa kwa dakika tano mwaka 2016.

Miti ile 18 hatukuing'oa. Babu alinipeleka kwa fundi wa kubebesha wa kijiji cha pili. Tuliikata, tukaiacha ichipue upya, na machipukizi yalipofikia unene wa penseli, mvua zikiwa zimelainisha gome, fundi alikuja na kisu kidogo kikali na mfuko wa vijiti vya Valencia vilivyofungwa kwenye kitambaa chenye maji. Alichana gome kwa umbo la herufi T, akalifunua kidogo kwa ncha ya kisu, akapenyeza jicho moja, akafunga kwa utepe wa nailoni. Kila jicho lilimchukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kumenya chungwa. Nilimwomba anifundishe, akanipa kisu. Jicho langu la kwanza lilikufa, la pili likashika. Baada ya wiki tatu tulifungua tepe: jicho la kijani liko hai, la kahawia limekufa. Miti 11 ilipona kwa namna hiyo. Saba iliyobaki nimeiacha na malimau yake, nayo yanauzika.

Sasa nije kwenye semina, maana hapa ndipo roho inaponiuma zaidi.

Barua za mwaliko huja kwa mtendaji wa kijiji, na huandikwa kwa mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya kwetu ni mume wangu, ambaye ni seremala na hajui mti upi ni Msasa. Alikwenda kwa sababu aliitwa. Alirudi na karatasi mbili zilizochapwa, akanikabidhi kwa upendo kabisa. Nikamuuliza, "Walisema nini kuhusu funza?" Akasema, "Wamesema tupulizie." Nikauliza, "Tupulizie nini, na wakati gani?" Akanyamaza, kisha akasema, "Mke wangu, ungekwenda wewe."

Simlaumu hata kidogo. Angewezaje kuuliza swali ambalo halijamkosesha usingizi? Kwenye mashamba mengi ya hapa anayeokota machungwa yaliyoanguka ni mwanamke, kwa hiyo anayeliona tundu la nzi kwenye tunda mapema ni mwanamke. Yeye ndiye mwenye swali, na karatasi inampata mwenye kofia. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikamwomba barua ziandikwe "mwenye kulima shamba". Alicheka kidogo, lakini mwaliko uliofuata tuliitwa wanawake wanane. Tulikaa mstari wa nyuma na wawili tu tulifungua mdomo. Safari iliyofuata tuliuliza sote.

Kuhusu hao funza. Msimu wa 2019 machungwa yalianza kuanguka yakiwa bado hayajaiva sawasawa, mengi kila asubuhi, kila moja lina doa laini lenye rangi ya kahawia. Nilikwenda duka la pembejeo nikaeleza kwa maneno: machungwa yanaanguka, ndani kuna funza. Muuzaji akatoa chupa. Nilipulizia majani kwa bomba la kukodi, nikarudia baada ya wiki mbili, na machungwa yakaendelea kuanguka. Nikaenda tena, nikapewa chupa nyingine, yenye bei kubwa zaidi. Yule muuzaji hakunidanganya kwa makusudi, nadhani. Nilimpa maneno naye akanipa alichokuwa nacho kwenye rafu.

Bibi shamba wa kata yetu alipokuja, jambo la kwanza alilofanya ni kukaa chini. Alikaa kwenye majani makavu, akaomba kisu na sinia, akaniambia nimwokotee machungwa 20 yaliyoanguka, kutoka miti tofauti. Akayapasua moja baada ya jingine. Kwenye mengi kulikuwa na funza wadogo weupe wa maziwa, wengi pamoja, hawana miguu, upande wa kichwa wamechongoka kama ncha ya sindano. Waliokomaa walikuwa wanaruka. Walijikunja na kufyatuka juu ya sinia hadi wakaangukia kanga yangu. "Hawa ni watoto wa nzi wa matunda," akasema. Kisha kwenye machungwa matatu tukakuta kitu kingine: kiwavi mmoja peke yake, mwenye rangi ya waridi, kichwa cha kahawia, ana miguu. "Na huyu ni mtoto wa nondo. Ulikuwa unawaita wote funza."

Ni kweli, niliwaita wote funza. Kumbe nilikuwa nauliza swali moja kwa wadudu wawili.

Akanieleza jinsi nzi yule anavyoishi. Jike hutoboa ngozi ya tunda na kutaga mayai ndani. Funza hula wakiwa ndani, ambako dawa niliyopulizia juu ya jani haiwafikii. Tunda huanguka, funza hutoka, hujizika kwenye udongo, hugeuka buu, kisha hutoka nzi mpya na kurudi mtini. Kwa hiyo kila chungwa nililoliacha lioze chini ya mti lilikuwa linalea nzi wa mwezi unaofuata, na mimi nilikuwa na desturi ya kuyafagia na kuyarundika pembeni yawe mbolea. Nzi anayetusumbua zaidi asili yake ni Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na haukupita muda akawa huku kwetu. Baba hakumjua. Hata angenifundisha yote aliyoyajua, hili lisingekuwemo.

Tulichimba shimo lenye kina cha futi mbili na kuzika kila kilichoanguka, asubuhi kabla funza hawajatoka. Mahali pagumu kuchimba tulitumia mifuko myeusi ya plastiki, tukaifunga na kuianika juani mpaka vilivyomo vikafa kwa joto. Bibi shamba alining'inizia na mtego wa chupa wenye dawa ya harufu inayovuta madume ya nzi huyo, akaniagiza nihesabu waliokufa kila wiki na kuandika. Aliniambia wazi kwamba mtego kama huo hausafishi shamba peke yake. Unakupa habari, unakuonyesha nzi wanapozidi ili usisubiri mpaka matunda yaanguke. Nilipenda sana neno hilo. Chupa ya plastiki yenye tundu mbili ilikuwa inanipa habari za shamba langu kuliko mtu yeyote.

Kuanguka kulipungua msimu uliofuata, lakini hakukuisha, na sababu nilikuwa naiona kwa macho: ng'ambo ya njia kuna shamba la shemeji yangu, na chini ya miti yake machungwa yalikuwa yameoza rundo kwa rundo. Nzi hajui mpaka. Nilikwenda na sinia langu. Sikumpa hotuba, nilipasua machungwa yake kumi mbele yake na kumwacha awatazame wanavyoruka. Jumamosi ile alichimba shimo. Sasa tuko kaya tisa tunaozika kila Jumamosi kwenye msimu, na nani amezika na nani hajazika huonekana kwa kutembea tu.

Hapo hapo niseme neno juu ya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota juu ya miti. Wachumaji huwachukia kwa kuwa wanauma, na miaka mingi tuliwachoma moto. Kumbe ni walinzi: huwinda wadudu wengine, na nzi wa matunda hukwepa kutaga mahali wanapopita. Babu alikuwa analijua hili tangu ujana wake, kwa kuwaangalia tu. Nilipomuuliza mbona wao walikuwa wanawachoma, akasema mnunuzi ndiye aliyetaka mti usio na maji moto. Siku hizi ninawaacha, na wachumaji wanajipaka majivu mikononi kabla ya kupanda.

Simu imetusaidia, nisiwe mwizi wa fadhila. Binti yangu aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa matunda, na usiku nikimaliza kazi nasikiliza ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine. Nimejifunza mengi humo. Lakini nimeona pia jinsi habari nzuri inavyoharibika ikihama. Mwenzetu mmoja alituma picha za machungwa ya manjano ya kuvutia na kusema ya kwetu ya kijani tunayachuma mabichi. Watu wakaanza kuulizana dawa ya kuleta rangi. Ukweli ni kwamba chungwa linapata rangi ile pakiwa na usiku wa baridi. Huku pwani usiku ni wa joto, kwa hiyo letu huiva na kujaa sukari huku ngozi ingali ya kijani. Tena chungwa likishachumwa haliendelei kuiva kama embe au ndizi. Anayesubiri rangi huku Muheza atasubiri mpaka tunda lilegee. Mwingine alisema tupande michungwa mita tatu kwa tatu, na hakusema analima wapi wala ana maji ya namna gani. Mimi ninapanda mita saba kwa saba, na bado matawi yanakutana.

Kwa hiyo nikisikia jambo jipya kwenye simu, namuuliza aliyelituma: uko wapi, na umeliona kwa macho yako au umeletewa? Akiwa anauza kitu, nataka aseme mapema. Watu wengine wamekasirika. Wengi wamejibu vizuri, na wawili kati yao nimewatembelea mashambani kwao. Redio naisikiliza pia na inanikumbusha mengi kwa wakati wake, ila redio huwezi kuionyesha jani.

Jani ndilo lililonipeleka Mlingano. Mwaka 2021 baadhi ya michungwa yangu iligeuka manjano. Kila niliyemuuliza alisema weka mbolea, na mbolea kwa midomo ya watu wengi ni Urea. Nikaweka. Majani ya zamani yakazidi ukijani, majani mapya yakabaki vilevile: madogo, membamba, yamesimama wima, manjano katikati na mishipa ya kijani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anakuja kuchukua matenga akaniambia, "Mama, si kuna watafiti pale Mlingano? Njia ya Ngomeni. Wapelekee wayaone."

Nimezaliwa Muheza. Nilikuwa nalijua jina la Mlingano tangu utotoni kama mahali pa wataalamu wa mkonge, maana kituo kile kilianza kwa utafiti wa mkonge miaka ya 1930. Sikujua kwamba wanapima udongo, wala haikunijia kwamba mtu kama mimi, mwenye kapu, anaweza kupita getini na kuuliza. Nilikesha usiku mzima nikipanga maneno ya kusema. Nikachuma matawi mawili, moja zima na moja gonjwa, nikayafunga kwenye gazeti lenye unyevu na kuyatia kwenye mfuko wa plastiki nikaufunga, ili kama yana wadudu nisiwasambaze njiani.

Nilipokelewa kwa heshima. Mtaalamu aliyatandika mezani, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Manjano yameanzia majani ya juu au ya chini?" Nilijua jibu, kwa sababu miti ile naishi nayo. Akafurahi. Akanieleza kwamba virutubisho vingine mti unaweza kuvihamisha kutoka jani kuukuu kwenda jani changa, na vingine hauwezi. Kwa hiyo upungufu unaoanzia majani machanga na ule unaoanzia makuukuu havina dawa moja. Dalili za matawi yangu, alisema, ni za upungufu wa zinki, na Urea haina zinki. Lakini hakutaka kuishia kwenye kuangalia. Akanielekeza jinsi ya kuchukua udongo: nitembee shambani kwa kwenda mshazari huku na huku, nichimbe sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha kama sentimita 20, niepuke vichuguu na mahali palipowahi kurundikwa samadi, nichanganye wote kwenye ndoo safi, nipeleke kiasi cha kilo moja, na niandike jina la kijiji na zao.

Nilifanya hivyo. Majibu yalipotoka, bibi shamba alinisomea tukiwa tumekaa barazani, akapiga hesabu ya zinki ya kupulizia kwenye majani kwa bomba langu, kwa kijiko, kwa vile sina mizani. Majani yaliyochipua vuli ile yalikuja mapana. Nililichuma moja na kulibandika kwenye daftari, na jirani yake nikabandika lile jembamba la zamani.

Daftari hilo sasa ni la tatu. Upande mmoja naandika kama baba: matenga, wanunuzi, bei. Bei nazo ni habari, na kwa miaka mingi aliyekuwa nazo peke yake ni dalali. Nina binamu anayeuza matunda soko la Kongowea, Mombasa. Kabla sijakubaliana na mtu yeyote nampigia, ananiambia magari mangapi yameshusha wiki hiyo na tenga linakwendaje. Upande wa pili naandika miti. Nilipogundua muuzaji wa dawa anapima kwa kifuniko cha chupa, niliandika kipimo cha kwenye lebo, na siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuchuma. Chupa isiyo na lebo ya kusomeka na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya Serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, siku hizi siinunui, hata nikibembelezwa vipi.

Bibi shamba wetu ana vijiji vingi, na zamani alikuwa anakuja kwa kuomba lifti. Mwaka 2022 Serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani naye alipata yake, na tukakubaliana Jumanne iwe siku ya kijiji chetu. Bado ni mtu mmoja, na mvua zikikata njia haji. Kwa hiyo wanawake wanane tuliokaa mstari wa nyuma siku ile tuna utaratibu: kila mmoja anakusanya maswali ya majirani zake, na kila swali linakuja na kitu chake, jani, tunda, chupa ya dawa iliyotumika, hata udongo. Asiye na kitu cha kuonyesha tunamwomba arudi shambani akakilete. Mwanzo watu waliona tunawasumbua. Mama mmoja alirudi kulitafuta jani gonjwa, akakuta miti yake iko salama na ni majani makuukuu tu yanapukutika, akaja kutuambia asante, swali limekwisha.

Babu naye tumemweka kwenye utaratibu. Hapendi mikutano, kwa hiyo tunamfuata. Jioni binti yangu hukaa naye na kuandika: mti gani ulipandwa mwaka gani, ukame upi ulikausha mashamba yapi, maji moto walihamishwaje kutoka mti mmoja hadi mwingine kwa kufunga kamba. Anauliza na yale ambayo mimi sikuuliza. Juzi Babu amemwambia kwamba kuna mlimau wa kienyeji karibu na mto ambao haujawahi kuugua shina tangu yeye akiwa kijana, na kwamba fundi wa zamani alichukua mbegu za kuoteshea mbebaji kwenye mti huo tu. Tumeukuta. Umezeeka, umejaa matunda.

Wiki hii miti miwili ya upande wa barabara imepata weusi kwenye majani, kama masizi ya sufuria. Ukipitisha kidole yanafutika na chini yake jani ni la kijani. Nikageuza majani: upande wa chini kuna vitu vyeupe kama pamba, vinanata. Nimeshaandika mti, tarehe, na kwamba upande ule kuna vumbi la magari na maji moto hawapo. Tawi liko kwenye mfuko uliofungwa, ndani ya kapu nyuma ya mlango. Kesho ni Jumanne.